Kipindi Kilichonaswa Hakijahifadhiwa

Katika enzi ya kanda, taabu ya mpenzi wa televisheni ilikuwa katika kunasa, si katika kuhifadhi. Alitafuta kanda tupu, au ile ambayo hakujali kuifuta. Akaingoja saa ya kipindi kwa hamu na wasiwasi. Akabonyeza vitufe viwili kwa mpigo mmoja. Na umeme usipokatika, wala mtoto asipobadili stesheni, kipindi kilipokwisha alikuwa na kitu mkononi chenye uzito wake na ubavu wa kuandikiwa jina, kitu kilichoweza kukaa kabatini miaka, kuazimwa na jirani, kurudishwa au kutorudishwa, na kuchezwa katika deki yoyote ya jinsi ile ile. Kinasa cha kidijitali kimepindua mizani hiyo. Kunasa sasa ni kazi ya kidole kimoja juu ya rimoti, tena kinasa chenyewe huweza kuifuata tamthilia sehemu baada ya sehemu ilhali mwenye nyumba amelala au yumo safarini. Lakini kilichonaswa hakishikiki, kimelala katika diski iliyo tumboni mwa mashine, na siku mashine itakapokufa, au malipo ya kila mwezi yatakapokatika, aghalabu nacho huzikwa humo humo. Makala haya yanahusu namna ya kukitoa humo na kukitia katika santuri ya DVD au ya Blu-ray, na sababu zilizoifanya kazi hiyo, ambayo ingepasa kuwa nyepesi, ijae vizuizi.

Vinasa vya namna hii vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1999, makampuni mawili ya California, TiVo na ReplayTV, yalipoleta sokoni masanduku yenye diski ngumu mahali pa kanda. Masanduku yale ya kwanza yalipokea picha ya analojia na kuigeuza yenyewe kuwa tarakimu kabla ya kuiandika. Katika nchi ambazo matangazo yamekwisha kuhamia dijitali (Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia mwisho wa 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015) king'amuzi hakina haja ya kazi hiyo: mkondo ule ule wa tarakimu ulioshuka kutoka katika mnara au setilaiti huandikwa katika diski kama ulivyofika, pakiti baada ya pakiti, kila pakiti ikiwa na baiti 188. Kwa hiyo kilichomo tumboni mwa kinasa ni tangazo lenyewe katika hali yake ya asili, si kivuli chake, na nakala ya nakala yake ingekuwa sawasawa na ya kwanza, jambo ambalo kanda haikupata kuliweza hata mara moja, kwa kuwa kila kizazi cha kanda kilikuwa na ukungu zaidi kuliko kile kilichokizaa.

Ubora huo ndio uliowatia hofu wenye mali. Hofu yenyewe si ngeni: Sony ilipoanza kuuza Betamax mwaka 1975, haukupita mwaka mzima na kitu kabla studio za Universal na Disney hazijaipeleka mahakamani zikidai kwamba mashine ile ni chombo cha wizi. Kesi hiyo ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 17 Januari 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mtu anayenasa kipindi nyumbani kwake ili akitazame saa nyingine hatendi kosa. Msomaji na ayatie moyoni maneno hayo, ya kutazama saa nyingine, maana ndiyo yaliyokuwa kiini cha hukumu. Swali la mtu anayejenga maktaba ya daima halikuwa msingi wake. Sheria ya Uingereza ya 1988 nayo husema wazi kwamba ruhusa ya kunasa nyumbani ni kwa ajili ya kutazama au kusikiliza kwa wakati unaofaa zaidi. Tangu awali, basi, wanasheria walikubali kuahirisha, wakasitasita juu ya kuhifadhi, na wahandisi waliokuja baadaye walikichukua kigugumizi hicho cha wanasheria wakakijenga ndani ya mashine.

Nchi iliyolishughulikia jambo hili kwa bayana kuliko nyingine ni Japani, ambako kinasa chenye diski ngumu na kichomeo cha santuri ndani ya sanduku moja kilikuwa kitu cha kawaida sebuleni. Matangazo ya dijitali ya ardhini yalianza huko Desemba 2003, na mwaka uliofuata ikaingia kanuni ya kunakili mara moja tu. Maana yake ilikuwa hivi: kipindi kikishanaswa katika diski ngumu, ile ndiyo nakala yenyewe, wala hapana nyingine, akitaka mtu kukitia katika santuri, hakukinakili bali alikihamisha, na kadiri kilivyokuwa kikiingia katika santuri ndivyo kilivyokuwa kikifutika katika diski. Santuri ikiwa na dosari, au umeme ukikatika katikati ya safari, mwenye kinasa aliweza kubaki bila ya huku wala kule. Malalamiko yakazidi, kwa sababu watu waliokuwa wakipotelewa hawakuwa maharamia bali wazee waliotaka kutunza mchezo wa kuigiza wa jioni, au akina baba waliotaka kutunza pambano la mieleka; na baada ya majadiliano marefu kanuni mpya ikatangazwa, nayo, ikichelewa kwa muda kutokana na mabishano juu ya fidia ya wasanii, ikaanza kufanya kazi tarehe 4 Julai 2008, kama mwezi mmoja kabla ya michezo ya Olimpiki ya Beijing.

Kanuni hiyo, inayojulikana kwa jina la Dubbing 10, humpa mwenye kinasa nakala 9 zinazoiacha asili salama katika diski, na ya 10 huwa ni kuhama, yaani asili hufutika. Nakala hizo nazo haziwezi kunakiliwa tena. Fauka ya hayo, haziandikwi katika santuri yoyote ile ya DVD, bali katika zile zilizotengenezwa kwa ufunguo maalumu uitwao CPRM, na deki isiyoujua ufunguo huo huitema santuri hata ikiwa imechomwa kwa ufundi mkamilifu. Mimi naihesabu kanuni hiyo kuwa yenye insafu kuliko nyingi nilizozisoma, si kwa sababu 9 ni idadi takatifu, bali kwa sababu ilikiri jambo ambalo wakubwa wa televisheni kwingineko hawakupenda kulikiri: kwamba mtazamaji ana haja halali ya kubaki na kitu baada ya kipindi kupita, na kwamba vitu huharibika, kwa hiyo nakala moja si akiba.

Marekani walikwenda kwa njia ya kubahatisha zaidi. Mwaka 2003 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipitisha amri ya kutia alama katika matangazo ili vinasa vilazimike kuyazuia yasinakiliwe ovyo. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa mjini Washington ikaifuta kwa hoja kwamba tume haikuwa na mamlaka hayo. Mwaka huo huo TiVo iliwaruhusu wateja wake kuvuta vipindi kutoka katika sanduku hadi kwenye kompyuta kwa mtandao wa nyumbani na kuvichoma katika DVD, lakini kila faili lilitoka likiwa limefungwa kwa ufunguo wa mwenye sanduku, na programu isiyoutambua ufunguo haikuweza kulisoma.

Katika pwani yetu na bara yake hali ni mchanganyiko, na msomaji sharti kwanza atambue king'amuzi chake ni cha kabila gani. Vile vya kulipia ambavyo vina diski ndani huandika vipindi vikiwa vimefumbwa, na fumbo limefungamanishwa na kadi na kisanduku chenyewe. Hata fundi hodari akiifungua diski na kuiunga na kompyuta, ataona tarakimu tu zisizo na maana. Vile vingi vya bei nafuu vinavyopokea stesheni za bure, vyenye tundu la USB mbele au nyuma, huandika katika flashi au diski ya nje, na stesheni isipofumbwa hewani, faili linalotoka huwa wazi kabisa. Kuna na vya katikati, ambavyo hunasa stesheni ya bure na bado huifumba, kwa sababu tu mtengenezaji alipenda hivyo. Huo ni ukaidi usio na faida kwa mtu yeyote, nami siioni sababu yake. Njia ya kupima ni nyepesi: nasa dakika 5 za taarifa ya habari, chomoa flashi, itie katika kompyuta, na ujaribu kulichezesha faili kwa programu ya bure kama VLC. Likicheza, una njia fupi. Lisipocheza, imekubakia njia ndefu.

Njia ndefu ni ya nyaya. King'amuzi huonyesha kipindi kilichonaswa kama kinavyokionyesha kila siku, na badala ya picha kwenda kwenye televisheni peke yake, hupitishwa katika kinasa cha DVD au katika kidude cha USB kinachoipokea picha na kuiingiza katika kompyuta. Nyaya zinazotumika ni zile tatu zinazojulikana na kila fundi wa mtaani: wa njano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti ya kulia na ya kushoto; katika ving'amuzi vidogo vya siku hizi zote tatu huanzia katika tundu moja jembamba. Waya wa HDMI, ambao ndio bora wa picha, hauna msaada hapa, maana vipindi vya kulipia hupita humo vikiwa na ulinzi ambao vinasa hutakiwa kuukataa. Kwa hiyo picha iliyotangazwa katika ubora wa juu hushushwa mpaka ile ya kawaida yenye mistari 576, kisha husimbwa upya, na kila kusimbwa hupunguza kitu. Tena kazi yote huenda kwa mwendo wa saa ya ukutani: tamthilia ya saa 2 ni saa 2 za kungoja, na simu ikilia na mtu akabonyeza kitufe cha taarifa, maandishi yale ya juu ya kioo yataingia katika nakala yakae humo milele. Mwenye busara huanza kazi hii usiku, akaficha rimoti.

Njia fupi ni ya faili, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa kila anayeweza kuipata. Faili la king'amuzi aghalabu lina mwisho wa jina wa .ts au .mts, na kipindi kirefu huwa kimekatwa vipande vipande vya gigabaiti 4, kwa sababu flashi nyingi hupangwa kwa utaratibu wa FAT32 usiokubali faili moja kupita hapo. Vipande hivyo ni lazima viungwe tena kabla ya jambo lolote. Baada ya kuungwa, faili lisafishwe. Hapa ndipo wengi huharibikiwa bila ya kujua sababu. Mvua ya masika inapolipiga dishi, au antena inapotikiswa na upepo, baadhi ya pakiti zile za baiti 188 hupotea njiani. Televisheni huyaficha mapengo hayo kwa kugandisha picha kidogo na kuendelea, lakini programu ya kutengenezea DVD huyaziba vibaya, ikaacha sauti itangulie au ichelewe, na kila pengo linapozidi ndivyo midomo ya waigizaji inavyozidi kuachana na maneno yao, hata mwisho wa kipindi mtu huonekana akicheka baada ya kicheko chake kwisha kusikika. Programu ya ProjectX iliandikwa kwa ajili ya maradhi haya haya ya mikondo ya dijitali: huitenga picha na sauti, huhesabu mapengo, na kuzipanga upya ziende pamoja.

Kisha kuna kukata matangazo ya biashara, kazi inayopendwa na watu wote na kueleweka na wachache. Katika usimbaji wa MPEG, ambao ndio wa DVD na wa matangazo mengi, si kila picha huandikwa nzima. Huandikwa picha moja kamili, kisha zinazoifuata huandika tofauti tu: huyu amesogeza mkono, yule amefumba jicho, ukuta haukubadilika. Katika DVD ya mfumo wetu wa PAL, wenye picha 25 kwa sekunde, kundi moja la namna hiyo halizidi picha 15, yaani zaidi kidogo ya nusu sekunde. Programu inayokata bila ya kusimba upya haiwezi kukata popote. Hukata mwanzoni mwa kundi. Kwa sababu hiyo baada ya kuliondoa tangazo la sabuni hubaki kipande cha sabuni, au hupotea neno la kwanza la mwigizaji. Hilo ni kuchagua baina ya hasara mbili, na mimi huacha kipande cha sabuni, maana neno la mwigizaji halirudi.

Sasa hesabu ya nafasi. Santuri ya DVD ya tabaka moja huuzwa kwa jina la gigabaiti 4.7, yaani baiti bilioni 4.7, lakini kompyuta nyingi zitaionyesha kama 4.38, nayo si udanganyifu wa muuzaji bali ni namna mbili za kuhesabu, moja kwa elfu na nyingine kwa 1,024. Ya tabaka mbili hufika 8.5. Kipimo cha ubora ni megabiti ngapi hutumika kwa kila sekunde: kwa megabiti 5 santuri ya tabaka moja huchukua saa 2 na dakika 5 hivi, na hiyo ndiyo hali ambayo vinasa vya DVD huiita SP, hali ya XP hutumia takriban maradufu na kubeba saa 1 tu, LP hubana saa 4. Waya wa njano haustahili XP, kwa sababu hakuna maana ya kuandika kwa anasa picha ambayo imekwisha kupoteza sehemu yake. Na hali za saa 6 na 8 ni za kuwahifadhi watu wanaokaa wametulia wakizungumza, maana mpira wa miguu ukitiwa humo nyasi hugeuka uji. Ubora wa juu ni habari nyingine kabisa. Matangazo ya ardhini ya Japani hutumia karibu megabiti 17 kwa sekunde, na kwa kadiri hiyo DVD ya tabaka moja haitoshi hata saa 1, ilhali Blu-ray ya gigabaiti 25 huchukua zaidi ya saa 3. Si ajabu basi kwamba vinasa vya Blu-ray vilipata nyumba Japani tangu 2003, kabla sehemu nyingi za dunia hazijakisikia hata kitu chenyewe.

Kosa linaloonekana kila siku katika vibanda vya kuchoma santuri ni kulitia faili la .ts katika DVD kama barua inavyotiwa katika bahasha, kisha kumkabidhi mteja. Kompyuta italisoma, deki nyingi zitakataa. Deki ya kawaida hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya picha yasiyozidi gigabaiti 1 kila moja, pamoja na mengine madogo yanayoieleza menyu na sura zake. Isipoyakuta, husema hapana santuri. Programu kama DVDStyler hulijenga jengo hilo bila ya malipo, na humruhusu mtu kutia jina, picha ya mwanzo, na vituo vya kurukia. Anayetumia kinasa cha sebuleni hana haja ya hayo, lakini ana wajibu wake mwingine: kuifunga santuri baada ya kumaliza. Katika menyu jambo hilo huitwa finalize. Mpaka lifanyike, santuri ile husomeka katika kinasa kilichoichoma tu. Na nimeona watu wakiitupa hazina nzima wakidhani imeharibika, hali ilikuwa haijafungwa.

Upande wa kuchomea wa santuri ya DVD huwa na rangi ya zambarau au ya samawati iliyofifia, nayo si pambo. Ni tabaka la rangi ya kikaboni ambalo leza nyekundu hulichoma vidoa vidogo visivyoonekana, na vidoa hivyo ndivyo tarakimu. Rangi hiyo, kama rangi ya kitambaa, huogopa jua. Santuri za kufutika, zile za RW, hazina rangi hiyo bali aloi ya madini inayobadili hali kwa joto na kurudi, huvumilia kuandikwa upya kama mara 1,000, na hufaa kwa kupitishia kazi, si kwa akiba ya miaka. Kuhusu alama za kuongeza na kutoa, DVD-R ya Pioneer ndiyo iliyotangulia mwaka 1997, na DVD+R ikaja mwaka 2002 kwa ushindani wa makampuni. Deki za leo husoma zote, na mabishano yake yamekwisha. Lililo muhimu zaidi ni mwendo. Kichomeo cha mwendo wa 1 hujaza santuri kwa dakika 57 hivi, cha 16 kwa dakika 5 au 6, na santuri za bei ya chini zichomwe kwa mwendo wa kati, kwa kuwa haraka ya mwisho huongeza makosa ambayo leo hayaonekani na mwakani yataonekana.

Mwenye ndugu ng'ambo azingatie jambo moja. Tanzania, Kenya, Omani na Uingereza hufuata PAL. Marekani, Kanada na Japani hufuata NTSC, yenye mistari 480 na picha karibu 30 kwa sekunde. Deki zinazouzwa kwetu husoma mifumo yote miwili bila ya kinyongo, lakini nyingi zinazouzwa Amerika Kaskazini huikataa PAL. Santuri ya harusi iliyoonyeshwa na stesheni ya Zanzibar ikipelekwa kwa shangazi aliyeko Maskati itacheza; ikipelekwa kwa binamu aliyeko Toronto huenda ikacheza katika kompyuta tu, na ni heri aambiwe mapema asije akaidhania zawadi kuwa mbovu.

Pwani yetu haina huruma kwa vitu hivi. Kanda zilikuwa zikiota ukungu. Santuri hazioti, lakini joto na mwanga huifisha rangi, na unyevu wenye chumvi hupenya ukingoni na kulishambulia tabaka linalorudisha nuru. Ziwekwe zimesimama ndani ya makasha yake, mbali na dirisha, wala zisilale katika gari. Jina liandikwe kwa kalamu laini isiyo na spiriti kali, tena karibu na tundu la katikati. Karatasi ya gundi isibandikwe, maana hukauka, hujikunja, na kuipinda santuri pamoja nayo. Chenye thamani kichomwe mara mbili, kwa santuri za watengenezaji wawili, na nakala moja ikae nyumba nyingine. Faili la asili nalo lisifutwe kwa pupa: kama lilikuwa wazi, litiwe katika diski ya nje vile vile lilivyo, kwa sababu ndilo lenye ubora wote, na DVD ni tafsiri yake.

Pana watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue hivi, ilhali stesheni zina maghala yake. Jibu liko katika historia ya BBC, ambayo katika miaka ya 1960 na 1970 ilifuta kanda nyingi mno kwa sababu kanda ilikuwa ghali na ghala lilikuwa dogo. Katika tamthilia yake ya Doctor Who peke yake sehemu zaidi ya 90 zilikosekana. Sauti za sehemu zote hizo zimesalimika, na zimesalimika kwa kuwa watazamaji walikaa mbele ya televisheni zao wakinasa sauti kwa mashine za nyumbani. Na sehemu 9 za picha zilizotangazwa kupatikana mwaka 2013 zilitoka katika kituo cha televisheni cha Jos, Naijeria, si London. Kule Philadelphia, mwanamke aitwaye Marion Stokes alinasa taarifa za habari za televisheni kuanzia mwaka 1979 mpaka kufa kwake Desemba 2012, akaacha kanda zipatazo 70,000, ambazo zilichukuliwa na Internet Archive. Alipokuwa hai walikuwapo waliomwona amepotelewa na akili. Mtu anayeyatafuta matangazo ya miaka ile leo huenda kugonga mlango wake.

Lakini ruhusa ya kunasa na kunakili nyumbani ina mpaka, nao ni mlango wa nyumba. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 humwachia mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi. Kuuza nakala, kukodisha, au kuzipandisha mtandaoni ni kula jasho la waigizaji, na waigizaji wetu wameliwa jasho la kutosha.

Muda nao si mrefu. Panasonic iliacha kutengeneza santuri tupu za Blu-ray mwanzoni mwa 2023, Sony ikaacha Februari 2025, na kompyuta mpya nyingi haziji tena na mlango wa santuri, bali mtu hununua kichomeo cha nje cha USB. Santuri tupu bado zinapatikana madukani, na bei yake si ya kutisha. Basi ewe msomaji ambaye kinasa chako kinakaribia kujaa, usianze na tamthilia za kigeni, ambazo zitauzwa na kurudiwa mpaka zituchoshe. Anza na mahojiano ya mzee wa mtaa wenu, na taarabu iliyoonyeshwa usiku mmoja wa Idi, na mkutano wa hadhara ambao stesheni haitakumbuka kwamba iliurusha; chomoa flashi wiki hii, na kabla hujakifuta chochote katika kinasa, itazame santuri yako katika deki ya jirani tangu mwanzo mpaka mwisho.